Mtoto wa Mwandishi Aliyekuja Kulima Iringa



Ukisimama juu ya tuta la mfereji mkuu hapa Madibira, ukaipa mgongo milima ya Mufindi, mbele yako utaona uwanda. Ni uwanda mpana hata macho yanachoka. Karibu yako ni majaruba ya mpunga. Mbele kidogo ni nyasi. Mbele zaidi ni Ihefu, ile mbuga ya maji na matete. Huo ndio Usangu. Sehemu yake moja inaitwa Buhoro. Katika vitabu vya wageni utaikuta imeandikwa Bohoro.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kupita majarubani, kutazama miche ya mpunga, na kugombana na watu wanaopanda kwa kutupa mbegu badala ya kupandikiza kwa mistari. Sikuzoea kuandika habari za waandishi wa vitabu. Lakini siku moja nilipanda gari pamoja na ofisa mmoja wa wanyamapori. Alikuwa amesoma Chuo cha Mweka kule Moshi. Gari lilikwama kwenye tope, kama kawaida ya masika huku kwetu. Tukakaa chini ya mti kungoja trekta.

Akaniuliza, "Bwana Shamba, unajua kwamba Hemingway aliwinda hapa?"

Nikamjibu, "Hemingway ndiye nani? Alikuwa Bwana Diisii?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza. Trekta lilichelewa saa tatu, kwa hiyo alipata nafasi ya kunieleza vizuri. Baadaye nilitafuta habari hizo mwenyewe nikazisoma. Nikaona kisa kinachotuhusu sisi wa huku si cha Hemingway mkubwa. Ni cha mwanawe, aliyeitwa Patrick. Huyo alikuja kulima Iringa.

BABA MWENYE JINA

Kwanza nikueleze habari za baba, maana bila yeye hutaelewa habari za mtoto.

Ernest Hemingway alikuwa Mmarekani. Alizaliwa mwaka 1899. Kazi yake ilikuwa kuandika riwaya, yaani hadithi ndefu za kubuni. Aliandika kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Wengi waliojaribu kuandika kama yeye walishindwa. Wewe unayejifunza kusoma usidhani kwamba maneno mafupi ni ya watu wasiosoma. Huyu aliyapatia Nishani ya Nobel mwaka 1954, ambayo ni tuzo kubwa kuliko zote kwa waandishi wa dunia.

Hemingway alipenda bunduki, uvuvi na safari. Mwishoni mwa mwaka 1933 alishuka bandari ya Mombasa na mke wake, Pauline. Wakaja Tanganyika kuwinda, upande wa Serengeti na Ziwa Manyara. Huko alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Ikabidi aletewe ndege, akapelekwa Nairobi kutibiwa. Alipopona alirudi kuwinda. Mwaka 1935 alitoa kitabu juu ya safari hiyo. Mwaka 1936 akatoa hadithi iliyoutangaza mlima wetu Kilimanjaro duniani kote. Watu wa mbali ambao hawakuweza kuionyesha Tanganyika katika ramani walilijua jina la Kilimanjaro kwa sababu ya hadithi hiyo.

Wakati wa safari hiyo Patrick alikuwa mtoto wa miaka mitano. Alizaliwa tarehe 28 Juni 1928. Wazazi wake walimwacha nyumbani wakaenda Afrika. Waliporudi walikuwa na hadithi za simba na nyati. Mtoto wa namna hiyo hukua akitamani mahali ambapo hajapaona. Nawajua vijana wa hapa wanaoijua Dar es Salaam mtaa kwa mtaa, na hawajafika hata Mafinga.

Patrick alikua katika mji wa Key West, kusini kabisa mwa Marekani. Mwaka 1947, alipokuwa karibu kutimiza miaka 19, alipata ajali ya gari akaumia kichwa. Siku chache baadaye alichanganyikiwa, hakujua lolote. Wakati huo alikuwa kwa baba yake nchini Kuba. Hemingway, mwenye sifa ya ukali na ulevi, alilala nje ya mlango wa mwanawe usiku baada ya usiku akimwuguza. Nalitaja jambo hili kwa sababu utasikia mengi mabaya juu ya Hemingway, na mengine ni ya kweli. Lakini hili nalo ni la kweli.

Kijana alipona. Akasoma Chuo Kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1950. Mwaka huo huo akaoa. Mke wake aliitwa Henrietta.

WATOTO WA WAANDISHI WALIOPELEKWA MBALI

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo, kisha nitarudi.

Patrick hakuwa mtoto wa kwanza wa mwandishi kwenda kulima nchi za mbali. Miaka mia moja kabla yake, Uingereza ilikuwa na mwandishi aitwaye Charles Dickens. Alikuwa na watoto kumi. Wawili aliwapeleka Australia, ambako Waingereza walikuwa wamejitwalia ardhi ya wenyeji na kuigawa kwa wafuga kondoo. Alfred alikwenda mwaka 1865. Mdogo wake, Edward, alikwenda mwaka 1868 akiwa na miaka 16 tu. Fikiri, ndugu msomaji. Miaka 16! Baba yao alifariki mwaka 1870, na Edward hakumwona tena.

Edward hakufanikiwa sana kwa kondoo. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge, kuanzia mwaka 1889 hadi 1894. Alifariki mwaka 1902 akiwa na madeni. Alfred naye mwishoni aliishi kwa kusafiri na kuwasimulia watu habari za baba yake. Alifia New York mwaka 1912 akiwa katika kazi hiyo hiyo. Mtu aliishi Australia zaidi ya miaka arobaini, lakini watu walilipa kiingilio ili wasikie habari za baba yake.

Mwingine alikuwa Frederic, mtoto wa mwandishi Anthony Trollope. Huyu Trollope alikuwa pia mtumishi wa posta. Ndiye aliyeshauri Waingereza waweke masanduku ya barua barabarani. Mwanawe alikwenda Australia, akapata shamba la kondoo. Mwaka 1871 baba alisafiri baharini kwenda kumtazama. Alitia fedha zake nyingi katika shamba lile. Fedha zikapotea. Frederic akaliuza shamba, akaajiriwa katika ofisi ya ardhi ya serikali.

Kisa hicho ukikikumbuka, cha Patrick utakiona kama ndugu yake.

SHAMBA LA JUU

Mwezi Oktoba mwaka 1951 mama yake Patrick alifariki. Patrick alipata urithi. Kwa fedha hizo alikuja Tanganyika yeye na mke wake, akanunua shamba katika nyanda za juu za Iringa. Lilikuwa karibu na mahali ambapo Wazungu walipaita John's Corner, upande wa Sao Hill. Wewe unayepanda basi kwenda Mafinga unapita huko.

Angalia vizuri neno "akanunua." Mkoloni wa Kiingereza alitunga sheria ya ardhi mwaka 1923. Kwa sheria hiyo ardhi yote iliwekwa chini ya Gavana. Mgeni aliweza kupewa haki ya kuitumia kwa muda wa hadi miaka 99, akapewa na hati. Mhehe au Mbena aliyezaliwa pale hakuwa na hati. Alikuwa na makaburi ya babu zake tu. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka Marekani alikuwa na karatasi, na mzee aliyempalilia shamba lake hakuwa nayo. Sisemi haya kumlaumu Patrick peke yake. Hakuitunga sheria ile. Aliikuta na akaitumia, kama walowezi wengine wote wa Iringa.

Sasa nizungumze kama bwana shamba. Nyanda za Mufindi ni nzuri kwa macho. Mgeni akizitazama mwezi Februari, zikiwa kijani, anadhani ukitupa jiwe litaota. Sivyo. Udongo wake ni mwekundu na una uchachu. Mvua nyingi imeosha chakula cha mimea ikakipeleka mbali. Bila chokaa na mbolea, mahindi yanatoka ya njano. Juni na Julai kuna jalidi, yaani umande unaoganda usiku kwa baridi. Asubuhi unakuta majani yamekuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Walowezi wa wakati ule walijaribu pareto, ngano, tumbaku na ng'ombe. Wenye makampuni makubwa waliweka chai, kwa sababu waliweza kungoja miaka mingi kabla ya kupata faida. Mlowezi mwenye mtaji mdogo hakuweza kungoja. Bei ya pareto nayo ilipangwa na wanunuzi wa ng'ambo, na ilipoanguka ilianguka na mkulima wake.

Kilimo si kazi ya kujaribia. Huwa nawaambia hivyo watumishi wanaostaafu wakaja hapa na kiinua mgongo chao kutaka ekari ishirini za mpunga msimu wa kwanza. Wengine hunisikiliza.

Patrick hakukaa sana na shamba. Miaka michache tu, akaiacha kazi hiyo akashika nyingine.

BABA ANAKUJA BUHORO

Kabla hajaiacha, baba yake alikuja.

Mwaka 1953 Hemingway alirudi Afrika Mashariki akiwa na mke wake wa nne, Mary. Waliweka kambi Kenya, karibu na Kilimanjaro. Ilikuwa wakati wa Mau Mau na hali ya hatari. Kutoka huko Hemingway alisafiri mpaka nyanda za juu za Iringa kumtazama mwanawe. Halafu wakashuka pamoja kuwinda katika uwanda wa Buhoro.

Ndiyo, Buhoro hii hii. Shamba lilikuwa kule juu kwenye baridi, mawindo yalikuwa huku chini kwenye joto. Hata Ndembera, mto tunaonyweshea mpunga wetu, unafanya safari hiyo hiyo. Unatoka kwenye nyanda za Mufindi, unateremka, unaingia Usangu.

Nilikwenda kwa mzee mmoja wa hapa kijijini, ambaye wakati ule alikuwa mtoto mdogo. Nilimkuta amekaa na ulanzi wake. Nikamwamkia, "Kamwene, baba." Nikamwuliza kama anawakumbuka Wazungu waliokuja kuwinda Buhoro. Alinijibu, "Walipita wengi, mwanangu. Jina hawakutuachia. Walituachia mifupa."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akanieleza jinsi watu walivyoogopa kukutwa na nyama. Kulikuwa na sheria ya kuhifadhi wanyama ya mwaka 1951. Mwenye fedha alikata leseni akaua nyati mchana kweupe, akapiga na picha. Mwenye gobore na watoto wenye njaa alipokamatwa na paa mmoja aliitwa jangili. Ofisa wa wanyama aliitwa Bwana Nyama. Watu walimtania kwa jina hilo, lakini gari lake likisikika kila mtu alifunika chungu.

NDEGE MBILI

Mwezi Januari 1954 mambo yalimwendea vibaya Hemingway. Alikodi ndege ndogo kwenda kumwonyesha mke wake maporomoko ya Murchison huko Uganda. Tarehe 23 ndege iligonga waya wa simu uliokuwa umeachwa porini, ikaanguka. Hawakufa. Walilala porini. Kesho yake walipata mashua iliyowafikisha Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Hapo wakapata ndege nyingine. Nayo ilipotaka kuruka ikaanguka ikawaka moto! Hemingway aliusukuma mlango kwa kichwa mpaka ukafunguka. Aliumia kichwa, mgongo, ini na figo.

Wakati huo magazeti ya dunia nzima yalikuwa yameshatangaza kwamba amekufa. Mtu yule alikuja kuzisoma tanzia zake mwenyewe kitandani.

Patrick alikuwa huku kusini habari zilipomfikia. Zingatia hali ya wakati ule. Hakuna simu ya mkononi. Barabara za masika ni tope. Alikodi ndege akaruka mpaka Entebbe. Alifika na fedha taslimu mfukoni, ili baba asikwame kwa gharama. Baba yake aliandika baadaye, kwa utani, kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtoto wake kumfikia akiwa na fedha badala ya kuja kuomba. Utani huo wazee mnauelewa kuliko vijana.

Baadaye wote walikwenda Shimoni, pwani ya Kenya, kuvua samaki. Hata huko, palipotokea moto wa nyasi, Hemingway aliyekuwa bado mgonjwa alijitia kuuzima akaungua. Mwaka huo huo alipotangazwa kupata Nobel hakuweza kwenda Sweden kuipokea. Hakurudi tena Afrika.

KUTOKA BUNDUKI HADI CHAKI

Patrick alibaki. Aliposhindana na shamba na shamba likashinda, aligeuka mwindaji wa kulipwa. Kazi hiyo ni kuwaongoza wageni matajiri porini, kuwaonyesha mnyama, na kumwua mnyama aliyejeruhiwa kabla hajamwua mtalii. Alifungua biashara yake ya safari, akaiendesha miaka kadhaa. Aliyajua mapori ya Tanganyika kuliko wenyeji wengi waliokuwa wakizuiwa kuingia.

Tarehe 2 Julai 1961 Hemingway alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Marekani. Alikuwa mgonjwa wa mwili na wa akili. Patrick alisafiri kutoka Afrika kwenda kumzika. Aliporudi, Tanganyika ilikuwa inajiandaa kwa Uhuru, na tarehe 9 Desemba mwaka huo bendera ya Kiingereza ilishuka.

Mwaka huo huo wa 1961, mwezi Septemba, palikuwa na mkutano Arusha juu ya wanyamapori. Mwalimu Nyerere alitoa tamko kwamba serikali yetu itawalinda wanyama hao. Alisema pia kwamba tutahitaji wataalamu na fedha, na akaomba nchi nyingine zisaidie. Walowezi wengi walikuwa wamedhani kwamba Waafrika wakitawala watawamaliza wanyama mwaka mmoja. Tamko lile liliwafunga midomo.

Lakini tamko halilindi tembo. Walinzi ndio wanaolinda. Na mpaka wakati huo mabwana nyama wote wakubwa walikuwa Wazungu. Hivyo mwaka 1963 kilifunguliwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori wa Afrika huko Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Walikuja vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Walisoma wanyama, mimea, sheria, kupiga bunduki, kutengeneza gari na kuhesabu makundi.

Mwaka huo huo wa 1963 Patrick alifiwa na mke wake, Henrietta. Alibaki na mtoto wa kike waliyemlea. Biashara ya safari aliiacha. Katika miaka hiyo alipewa kazi na Umoja wa Mataifa, akawa mwalimu pale Mweka. Alifundisha kwa miaka mingi.

Hapa ndipo mimi namheshimu. Shamba alilipata kwa urithi wa mama na kwa sheria ya mkoloni. Uwindaji aliujua kwa baba. Lakini kusimama mbele ya darasa la vijana wa Kiafrika, kuwafundisha kazi ambayo juzi ilikuwa ya Wazungu, hiyo hakurithi kwa mtu. Na kazi ya ualimu ni ya kujifuta. Ukifundisha vizuri, wanafunzi wanachukua nafasi yako. Ndivyo ilivyokuwa. Waliomaliza Mweka ndio walioshika hifadhi zetu, Serengeti, Mikumi, Ruaha na nyingine.

Sitasema kwamba kila kilichofanywa na wataalamu hao kilikuwa kitamu kwetu. Uwindaji wa kitalii ulisimamishwa nchini mwaka 1973, ukarudishwa baadaye. Usangu ilifanywa pori la akiba mwaka 1998. Wafugaji waliondolewa Ihefu mwaka 2006. Mwaka 2008 pori hilo lilitiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wapo watu hapa Madibira na Rujewa ambao jambo hilo bado linawauma, kwa sababu ng'ombe wao walikwenda nalo. Na wapo wanaosema kwamba bila hatua hiyo Ruaha Mkuu ungekauka kabisa kila kiangazi. Nimekaa katika mikutano ya vijiji na kuwasikia wote wawili. Mimi kazi yangu ni maji ya mpunga. Najua kwamba mkulima wa juu akiacha mfereji wazi usiku kucha, nyati wa chini hana maji. Na nyati hahudhurii mkutano.

JINA LINAPOMFUATA MTU

Katikati ya miaka ya 1970 Patrick aliondoka Tanzania. Alikuwa ameishi Afrika Mashariki karibu miaka 25. Alirudi Marekani, akakaa jimbo la Montana. Na huko, ndugu msomaji, kazi ilimngoja: kusimamia maandishi ya baba yake.

Hemingway alikuwa ameacha maandishi mengi ambayo hayajachapishwa. Moja lilihusu ile safari ya mwaka 1953 na 1954. Lilikuwa refu sana na halikukamilika. Patrick alilichukua, akalikata mpaka likabaki karibu nusu, akalitoa kama kitabu mwaka 1999, miaka mia tangu baba yake azaliwe. Ndani yake mna maneno mengi ya Kiswahili, na mwishoni mna orodha ya kuyaeleza. Baadhi ya wataalamu walimlaumu, wakasema hakuwa na haki ya kukata kazi ya mtu aliyekufa. Mwaka 2005 kitabu hicho kilitolewa tena na watu wengine, kikiwa kirefu zaidi. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao. Lakini nafikiri mtu aliyekuwako safarini, aliyezijua nyasi zile na watu wale, alikuwa na haki kuliko mtu aliyezisoma tu.

Mwaka 2022 zilichapishwa barua ambazo baba na mtoto huyu waliandikiana. Tarehe 2 Septemba 2025 Patrick Hemingway alifariki huko Montana akiwa na miaka 97. Magazeti yaliyotoa habari hiyo yalianza na jina la baba yake, kisha la kwake. Miaka 97, na bado anatambulishwa kama mtoto wa fulani!

Hali hiyo naijua. Mimi marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini. Mpaka leo, nina mvi, nina kofia ya serikali, nikifika kijiji alichofundisha wananiita "mtoto wa Mwalimu." Nikiwashauri habari ya mbolea wananisikiliza kwa sababu ya jina hilo. Nikikosea wanasema Mwalimu asingekosea.

Na sasa zamu imenigeukia. Kijana wangu wa kwanza amemaliza kidato cha nne. Mimi nimempangia chuo cha kilimo, achukue cheti kama mimi. Yeye anataka ufundi wa injini. Anasema mashine za kuvunia mpunga zinazoletwa Madibira zikiharibika, mafundi wanaitwa kutoka mbali, na msimu unapita mpunga ukianguka. Kwa kweli hasemi uongo. Lakini tumenuniana tangu mwezi uliopita.

Juzi jioni nilipomaliza kuandika habari hizi nilimwita anisomee, maana taa ilikuwa hafifu na miwani yangu imevunjika mguu. Alisoma mpaka mwisho, bila kusema kitu. Kisha akarudi nyuma, akatafuta kwa kidole mahali fulani kwenye karatasi.

Akaniuliza, "Baba, huyu Patrick alitumia fedha za nani kufika huku?"

Nikamwambia, "Si umesoma? Za mama yake."

Mama yake, ndugu msomaji, ana majaruba mawili kwenye skimu, kwa jina lake mwenyewe. Msimu huu amevuna vizuri, na magunia yamo stoo. Nikamwona kijana anakunja karatasi zangu taratibu, ananirudishia kwa mikono miwili, kisha anatoka kwenda jikoni.